Anayebeba Mawe na Anayechora Nyumba

Katika mtaa wetu wa Mugunga anayetaka kujenga huanza kwa kuvunja mwamba. Ardhi tunayoishi juu yake ni moto wa volkano uliopoa na kuwa jiwe jeusi, na kabla ya nguzo ya kwanza kusimama ni lazima mtu apige nyundo kwa siku nyingi. Mawe yakishavunjwa huondoka mgongoni, na migongo hiyo kwa sehemu kubwa ni ya akina mama. Wao ndio wanaobeba mawe ya msingi, mchanga, na maji ya kukorogea saruji. Mbao huja kwa chukudu, mafundi hufika, kisha mwenye kiwanja na fundi mkuu huketi pamoja kuamua mlango utazame wapi, jiko likae wapi, na choo kiwe umbali gani. Katika kikao hicho mama aliyebeba mawe ni nadra kuonekana.

Tunataka katika tafakari hii kuuliza swali ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mateso ya mkoa wetu: nani anachora nyumba tunazoishi? Na mwanamke anapokuwa ndiye anayechora, tena akapewa na wenzake dhamana ya kuongoza kazi hiyo katika nchi nzima, sisi tunaokaa juu ya mwamba wa Nyiragongo tunajifunza nini? Tumechagua kumtazama kwa karibu mwanamke mmoja jirani yetu, Emma Miloyo wa Kenya, kisha kurudi nyumbani.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana kwetu kila anayesimamia ujenzi huitwa injenia, na tofauti zinapotea. Fundi ndiye anayejenga. Mhandisi hupiga hesabu ili kujua kama nyumba itasimama. Msanifu majengo hufikiri kabla yao wote: watu watakaoingia humo wataishije? Mwanga utaingia upande gani, moshi utatoka wapi, maji ya mvua yatakwenda kwa jirani au mtaroni, mgonjwa atapitishwa wapi, watu watakimbilia wapi moto ukiwaka, na yote hayo kwa fedha kiasi gani? Akishafikiri huchora, na akishachora hutia sahihi. Sahihi hiyo ina uzito mbele ya sheria. Nyumba ikianguka, yeye ataulizwa.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Mwanafunzi husoma chuo kikuu miaka mitano au zaidi, hufanya kazi chini ya waliomtangulia, kisha nchini Kenya hutahiniwa na bodi ya usajili kabla ya kuruhusiwa kujiita msanifu majengo. Hakuna njia ya mkato, na bodi haimpunguzii mtu maswali kwa sababu ya jinsia yake wala haimwongezei.

Emma Miloyo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alisoma Kenya High School, shule ya wasichana iliyoko Nairobi, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja. Mwaka 2006 alihitimu shahada ya usanifu majengo katika daraja la kwanza la heshima, na katika fani hiyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa chuo kile kupata daraja hilo. Baadaye yeye na mume wake, ambaye naye ni msanifu majengo, walianzisha ofisi yao inayoitwa Design Source. Mwaka 2017 wenzake walimchagua kuwa rais wa Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1967, na kwa miaka 50 kilikuwa kimeongozwa na wanaume peke yao.

Tusikimbilie kuwahukumu Wakenya kwa miaka hiyo 50. Taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo wa Uingereza ilizaliwa mwaka 1834. Ilimpokea mwanachama wake wa kwanza mwanamke, Ethel Charles, mwaka 1898, na rais wa kwanza mwanamke, Ruth Reed, alishika kiti mwaka 2009, miaka 175 baada ya taasisi kuanza. Taasisi ya Marekani ilianza mwaka 1857, ikampata rais wa kwanza mwanamke, Susan Maxman, mwaka 1993. Umoja wa kimataifa wa wasanifu majengo ulioundwa mwaka 1948 ulisubiri hadi mwaka 1996, alipochaguliwa Sara Topelson wa Meksiko. Ukiziweka hesabu hizo ubavuni kwa ubavu, utaona kwamba Nairobi ilitembea haraka kuliko London na Washington. Tunayasema haya kwa ajili ya wale wanaotuambia kwamba uongozi wa wanawake katika taaluma ni mtindo ulioletwa kutoka Ulaya. Ulaya yenyewe ilichelewa.

Lakini kuwa wa kwanza ni habari ya siku moja. Magazeti huandika, picha hupigwa, halafu kazi huanza. Basi tuitazame kazi yenyewe.

Uongozi wa chama cha taaluma ni wa namna yake. Rais wa chama kama hicho hana askari, hagawi vyeo vya serikali, wala hana mfuko wa kununulia watu. Waliompigia kura ni watu wanaoweza kufungua mchoro wake na kuona kosa. Sisi tuliosomea ualimu tunaijua hali hiyo kidogo: mkurugenzi wa shule anaweza kuwaogopesha wazazi kwa maneno makubwa, lakini walimu wenzake wanajua kama anaweza kusimama mbele ya darasa. Heshima ya wanaoijua kazi haipatikani kwa hotuba. Ndiyo maana kura ya mwaka 2017 ina maana kwetu kuliko uteuzi wa kisiasa, kwa kuwa wanaume wengi walioijua kazi waliamua kwamba aliyestahili kusema kwa niaba yao ni mwanamke ambaye hata miaka 40 hakuwa amefikisha.

Tena alipokea kiti katika wakati mgumu. Mwezi Aprili 2016 jengo la ghorofa lililokuwa limejaa wapangaji liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 walikufa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa yaliyostahili kubomolewa, lakini watu waliendelea kulala ndani yake kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Kanuni za ujenzi zilizotumika nchini wakati huo zilikuwa za mwaka 1968, zilizoandikwa wakati Nairobi ilikuwa mji mdogo. Chama cha wasanifu majengo hakijengi wala hakibomoi. Kazi yake katika hali kama hiyo ni kusema: kuikumbusha serikali kwamba kanuni zimezeeka, kuwakumbusha wenye nyumba kwamba mchoro ni gharama ndogo kuliko maziko, na kuwakumbusha wanachama wenyewe kwamba anayeuza sahihi yake kwa jengo ambalo hakulichora amejitia katika damu ya watu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo magumu zaidi, kwa sababu kiongozi huyasema kwa rafiki zake.

Kuna kipimo kingine cha uongozi ambacho sisi tunakipenda: nani alikuja baada yake? Mwaka 2019 chama kilimchagua Mugure Njendu, mwanamke wa pili. Baadaye alikuja mwanamume, kisha mwaka 2023 akachaguliwa Florence Nyole, mwanamke wa tatu. Miaka 50 bila mwanamke hata mmoja, kisha watatu ndani ya miaka saba. Wako watu ambao wakishapita mlangoni huufunga nyuma yao ili waendelee kuitwa wa kwanza na wa pekee. Huko Kenya mlango ulibaki wazi, na siku hizi mwanamke akichaguliwa hakuna tena anayeshangaa sana. Pengine huo ndio ushindi wenyewe, kwamba jambo limekuwa la kawaida.

Emma Miloyo hayuko peke yake katika ukanda wetu. Nchini Uganda alikuwako Doreen Adengo, aliyezaliwa mwaka 1976. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu Katoliki cha Marekani mjini Washington, akaendelea Yale, akafanya kazi London, Washington na New York. Mtu mwenye njia kama hiyo angeweza kubaki huko, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Kampala akafungua ofisi yake mwaka 2015, na akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda. Alifariki mwezi Julai 2022. Uongozi wake haukuwa wa kiti. Ulikuwa wa kurudi nyumbani, kuutazama mji wake kwa makini, na kuwafundisha vijana wautazame hivyo. Nchini Tanzania, Victoria Heilman na wenzake waliunda TAWAH, umoja wa wanawake wasanifu majengo na wa fani zinazohusiana nayo, ambao hujitolea kuwajengea makazi wanawake maskini. Ukiwaweka hawa watatu pamoja utaona sura tatu za uongozi: wa kwanza alisema kwa niaba ya taaluma nzima, wa pili alirithisha maarifa, wa tatu aliipeleka kalamu kwa asiye na uwezo wa kuilipa.

Sasa turudi kwetu.

Katika nchi yetu kikwazo hakikuwa cha desturi peke yake, kiliandikwa katika sheria. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika ibara ya 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume wake kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga. Fikirini maana yake kwa msanifu majengo, ambaye kazi yake yote huishia katika sahihi: mkataba na mwenye kiwanja, mkataba na fundi, dhamana ya benki. Mwanamke angeweza kusoma miaka yote hiyo, akajua kuchora hospitali, na bado asiweze kuahidi kwa jina lake mwenyewe kwamba ataichora. Hali hiyo iliondolewa na sheria ya Julai 2016. Mwaka uliofuata, katika nchi jirani, mwanamke alikuwa anashika uongozi wa taaluma nzima. Hatuyasemi haya ili kujidharau. Tunayasema ili mzazi ajue kwamba ukuta aliouona katika ujana wake umekwisha bomolewa, na asiendelee kumzungusha binti yake kando ya ukuta ambao haupo.

Katika darasa letu la katekisimu la Jumamosi alikuwamo binti mmoja, ambaye hatutamtaja kwa jina. Familia yake ilikuwa imekimbia vita ikafikia kambini, chini ya turubai. Wenzake wakisubiri kipindi kianze, yeye alichora kwa kaa la mkaa juu ya vipande vya mbao. Hakuchora maua. Alichora kambi: mstari wa vibanda, njia, bomba la maji, vyoo. Siku moja tulimuuliza kwa nini katika mchoro wake vyoo haviko mahali vilipo kweli. Akajibu kwamba vilipo kweli ni mbali na gizani, na wasichana huogopa kwenda usiku. Katika mchoro wake alivileta mahali ambapo akina mama wawili watatu wakiketi mlangoni wanaviona, lakini harufu haiwafikii kwa sababu upepo wa ziwa unavuma kuelekea upande mwingine. Hakuna aliyemfundisha hayo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Ulipofika wakati wa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari, shule yake ilimshauri achukue ukataji na ushonaji, ingawa alama zake za hesabu zilikuwa za juu. Tulikwenda kuzungumza na wazazi. Baba, fundi mwashi, alitupokea kwa heshima akatupa kiti pekee kilichokuwapo.

"Mwalimu," alituambia, "huyu ni mtoto wa kike. Akimaliza kushona, kesho yake anakula. Akimaliza kuchora, atakula nini?"

Swali hilo lisidharauliwe. Halikutoka katika chuki. Lilitoka kwa mtu aliyekimbia mara nne na kuona kwamba cherehani hubebeka kichwani na chuo kikuu hakibebeki. Tulimjibu kadiri tulivyoweza: kwamba ushonaji ni kazi ya heshima kwa anayeupenda, kwamba yeye mwenyewe kama mwashi amekwisha kupoteza siku ngapi akibomoa ukuta uliojengwa bila mchoro, na kwamba alama za hesabu za mtoto ni kipaji ambacho hakikutolewa ili kifukiwe. Mama, aliyekuwa amenyamaza, akasema neno moja tu: "Mume wangu, hata wewe humuuliza yeye akupimie." Baba akacheka. Akakubali mwaka mmoja wa kujaribu katika mkondo wa hesabu na fizikia.

Mwezi Februari 2025 kambi za Mugunga zilibomolewa na watu wakaondoka. Familia ile ilirudi upande wa Masisi. Habari ya mwisho tuliyoipata ni kwamba shule iliyo karibu na kijiji chao haina mkondo huo. Hatuna mwisho mzuri wa kuwapa wasomaji. Tunachoweza kusema ni kwamba kipaji kile kipo, mahali fulani juu ya vilima, na nchi yetu inakihitaji kuliko kinavyoihitaji nchi yetu.

Wengine watatuambia: ndugu walimu, mnazungumza habari za wasanifu majengo wakati watu wanatafuta mahali pa kulala? Tumelifikiria pingamizi hilo. Mwaka 1994 Mugunga ilipokea umati mkubwa wa wakimbizi waliotoka Rwanda. Tangu hapo wakimbizi wa ndani wamekuja na kuondoka, wakaja tena. Mwaka 2002 Nyiragongo iliteketeza katikati ya mji pamoja na kanisa kuu la jimbo letu, na mwezi Mei 2021 ikateketeza tena vijiji vya upande wa kaskazini. Mwezi Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za mtaa wetu, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kwa zaidi ya miaka 30 sisi tumekuwa watu wanaojenga upya. Labda hakuna mji katika ukanda huu uliojenga mara nyingi kama wetu, na karibu kila mara tumejenga kwa haraka, bila anayefikiri kwanza. Nchi yenye amani inaweza kuvumilia nyumba mbaya, kwa kuwa itakuwa na muda wa kuirekebisha. Sisi hatuna muda huo. Hata kambi, ndugu zetu, ni mchoro wa mtu fulani: kuna aliyeamua turubai zipishane kwa hatua ngapi, maji yawe wapi, na msichana atembee gizani umbali gani.

Na mawe haya meusi tunayoyalalamikia, tuyatazame yalivyofanywa kwa jirani. Hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya volkano ya milima hii hii ya Virunga, yakachongwa na kupangwa kwa ustadi hata watu husafiri kwenda kuyatazama. Miongoni mwa waashi waliozijenga walikuwamo wanawake. Waliochora walipanga njia za nje na madirisha ya juu ili hewa ipite na kupunguza maambukizi ya kifua kikuu kati ya wagonjwa. Jiwe ni lile lile la kwetu. Kilichoongezwa ni fikira iliyotangulia nyundo, na mikono iliyofundishwa badala ya kutumikishwa tu.

Hapa tuweke tahadhari moja. Tusidhani kwamba mwanamke anafaa kuwa msanifu majengo kwa sababu anajua jiko. Hilo lingekuwa kumrudisha jikoni kwa mlango wa nyuma. Emma Miloyo hakupata daraja la kwanza kwa kujua mahali pa sufuria. Alilipata kwa kujua usanifu majengo, na wenzake walimchagua kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba aliyewahi kubeba maji atauliza mapema bomba litakaa wapi. Ujuzi ni wa wote, lakini maswali ya kwanza huja kutoka katika maisha ya mtu. Pale ambapo nusu ya watu hawajawahi kushika kalamu, nusu ya maswali hayajaulizwa, na nyumba hujengwa na upungufu huo ndani yake.

Wengine husema pia: atasoma miaka sita, ataolewa lini? Swali hili tunalisikia mara nyingi katika mashirika yetu, na mara nyingi husemwa na akina mama wenyewe. Tunajibu kwa mfano ule ule wa Nairobi, ambako mume na mke walifungua ofisi pamoja. Katika ndoa ya namna hiyo kuna watu wawili wanaoheshimiana kazini na mezani, na mmoja akiitwa kuongoza, mwingine hapungukiwi kitu. Ndoa inayoogopa elimu ya mke ina ugonjwa ambao ujinga wa mke hautauponya.

Na kwa wale wanaotaka neno la Maandiko kabla hawajaamini, tunawakumbusha ukoo wa Efraimu katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya saba. Katikati ya majina mengi ya wanaume ametajwa binti mmoja, Sheera, na imeandikwa habari yake kwamba alijenga miji mitatu: Bethhoroni ya chini, Bethhoroni ya juu, na Uzeni-Sheera, mji uliobeba jina lake. Mwandishi hakuona haja ya kueleza iliwezekanaje mwanamke ajenge mji. Alitaja tu, akaendelea na orodha yake. Katika miaka yetu ya ukatekista tumesikia mahubiri mengi juu ya ukuta wa Nehemia, na hatukumbuki hata moja juu ya Sheera.

Ndugu wapendwa, tafakari isiyofika mikononi ni maneno. Tunapendekeza mambo matatu ambayo shirika lolote la Mugunga linaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

La kwanza: kabla ya mwaka wa shule kuanza mwezi Septemba, wazee wa shirika waulize kila familia iliyo na binti anayechagua mkondo: alama zake za hesabu ni ngapi? Wamuulize yeye mwenyewe, si wazazi tu. Akishauriwa kwenda mahali ambapo alama zake hazimwelekezi, mtu mzima anayeheshimika amsindikize kwa mkurugenzi, azungumze kwa upole, na asiondoke bila sababu ya kueleweka.

La pili: kamati zetu za ujenzi, ziwe za kapela, shule au zahanati, ziwe na wanawake wanaoketi tangu siku ya kwanza ya mchoro, siyo siku ya kugawa zamu za kubeba mawe. Anayefaa kubeba jiwe anafaa pia kuulizwa liwekwe wapi.

La tatu: michango yetu ya elimu, hata ikiwa midogo, isiishie kwenye seminari na ualimu peke yake. Kuna taasisi ya juu ya usanifu majengo na mipango miji mjini Kinshasa. Ni mbali na ni ghali. Familia moja ya Mugunga haiwezi kumpeleka binti huko. Mashirika kumi yakiungana, yanaweza kumpeleka mmoja. Mmoja huyo akirudi, atakuta kazi inamngoja kwa miaka mia.

Swali la baba yule, "atakula nini?", linabaki wazi mpaka sisi tulijibu kwa vitendo. Mwanamke wa Nairobi alipata shule iliyompima kwa alama zake, mwenzi aliyefanya kazi pamoja naye, na wenzake waliompa kura. Binti wa Masisi anahitaji hayo hayo matatu. La kwanza linaweza kuanza Jumamosi ijayo, mbele ya ubao, pale ambapo mmoja wetu ataliangalia daftari la hesabu la msichana na kumuuliza anataka kujenga nini.